Maji Uliyokunywa Luberizi

Baba Riziki, mume wangu,

Jana nilipita kando ya mfereji wa Luberizi, nikakuona kama zamani, umepiga magoti, mkono majini hadi kiwiko, unajaza chupa zako. Wazungu wa mradi wa mpunga walipoondoka baada ya uhuru na ofisi yao uliyoifanyia kazi ikafungwa, weye uliendelea kupima maji ya mfereji na ya visima. Nilikucheka.

"Maji ni maji," nikasema.

"Hapana, Mama Riziki. Ya kisima iko na chumvi, inaunguza mpunga, lakini haiue muntu. Ya mufereji mpunga inaipenda, lakini usimupe mutoto."

Kisha uasi ukafika bondeni. Waliokimbia kutoka Bwegera walijaa kwetu. Chumvi ya kisima iliwashinda, wakachota mferejini, na watoto wao wakaanza kuhara na kufa. Ulipita nyumba kwa nyumba ukiwakataza. Halafu tukapanda pamoja hadi kule juu mfereji unakoanzia, ujue kinachoyachafua maji. Tukakuta mizoga ya ng'ombe imeoza ndani ya mfereji. Ulijaza chupa moja uwaonyeshe watu.

Tukirudi, waasi walitusimamisha barabarani.

"Iko nini mu hii chupa?"

"Maji ya mufereji. Iko muchafu, nataka kuonya watu."

"Iko sumu. Ni weye unaua batoto."

"Siyo sumu."

"Basi kunywa."

Ulinitazama. Ungekataa, wangetuua sote wawili. Ukanywa yote, polepole, mkono wako mwingine umenishika kanga. Wakacheka, wakatuachia njia.

Ulifika nyumbani kwa miguu yako, ukawatuma wanaume wakaitoe ile mizoga. Waliporudi ulikuwa umeshalala mkekani. Nilikuchemshia maji ya kisima, tumbo likayakataa.

"Wameitoa?" ukauliza.

"Wameitoa."

Ukafumba macho, na hukusema tena.

Wale watoto waliobaki walipona. Wamekuwa watu wazima, wananisalimia njiani bila kujua uliyowatendea. Riziki wetu ameolewa Nyakabere. Ana macho yako, nami wakati mwingine nashindwa kumtazama. Watu huniambia ulikufa vizuri. Miye nilitaka uishi, hata vibaya, hata kwa kukimbia. Ningekunyang'anya ile chupa, ninywe nusu yangu, tungelala mkeka mmoja.

Pumzika, baba. Huku bado natandika upande wako.

Ni miye, mke wako,
Mama Riziki