Pikapu Isiyo na Klachi

Kaka yangu wa mbali,

Sisi hatujambo, ila baba ametutegea kitendawili. Ile pikapu mpya aliyoagiza imefika baada ya miezi minne. Ni dude kweli, linabeba pampu na mabomba yote ya visima kwa safari moja. Majirani wanalipapasa kana kwamba wamelinunua wao.

Nilipochungulia ndani nikaona pedeli mbili tu. Otomatiki. Baba yuleyule aliyezoea kusema kwamba gari lisilo na klachi ni kitanda chenye magurudumu.

Nikamuuliza mama, akasema, "Muulize mwenyewe." Basi nikaanza kumchunguza. Akipanda, mguu wa kushoto anauinua kwa mikono, kama mzigo.

Jana tukiwa kazini nikamwambia, "Baba, mguu una nini?"

Akakaza nati mbili kwanza. "Una ganzi tangu mwaka jana. Usimwandikie kaka yako, ataacha kazi aje."

Ndiyo hivyo, nimekuandikia. Usiache kazi. Mpigie simu umuulize habari za gari, mambo ya mguu atayafikia mwenyewe. Daktari atamwona Alhamisi.

Leo asubuhi alinirushia funguo, akaketi upande wa abiria. Kaka, maisha yake yote hajamwachia mtu usukani. Niliendesha polepole, naye kila kona alikuwa akikanyaga breki ambayo haipo.

Ni mimi mdogo wako,
dereva wa baba