Penseli Zenye Meno

Ni mwaka mmoja sasa tangu koti lako la kijivu libaki kwenye msumari nyuma ya mlango, na mwenyewe asirudi kulivaa. Ulisema unajinyoosha kidogo kabla ya chai. Chai ikapoa kikombeni, baba, na wewe hukuamka.

Tunakukumbuka ulivyoanza, mwalimu wa darasa la tatu mwenye chaki hadi kwenye nyusi. Ukaenda chuo kikuu, ukarudi, ukaenda tena, mpaka ukaitwa profesa. Majirani walidhani profesa atanenepa. Wewe ulibaki vilevile kama ufito, na kazi yako ikabaki kwenye shule zilezile za watoto wadogo, ila sasa ulikaa nyuma ya darasa badala ya kusimama mbele. Walimu walikubandika jina: Kiti cha Nyuma. Walipokuona umejikunja kwenye dawati la mtoto, magoti yamekaribia masikio, walinong'onezana, "Huyo katumwa huyo. Ni mkaguzi." Wengine walificha fimbo kabatini. Nani angeamini kwamba mtu mzima na akili zake anatoka kwake asubuhi ili aangalie tu nani kakaa na nani?

Hata mama yako hakuamini upesi. Ulimweleza mezani kwa vizibo vya soda. Hiki ni mtoto ambaye kwao wanazungumza lugha nyingine. Hiki haoni vizuri ubaoni. Hiki kahamia juzi, hiki baba yake ni tajiri, hiki baba yake hubeba mizigo sokoni. Sasa tazama, mama, nani anaulizwa swali na nani anarukwa. Ukavipanga mstari kwa mstari, ukaenda kunawa mikono. Mama yako akapita na kitambaa, akafuta meza.

"Mama! Umenihamishia darasa zima!"

"Si umesema wachanganyike? Nimekuchanganyia."

Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni.

Lakini kumbukumbu ya kweli haisemi mazuri matupu. Nyumba hii ilikutilia shaka, na ulijitakia mwenyewe.

Kwanza lile jina. Ulikuwa uani na simu, umeshusha sauti. Mama yako alikuwa dirishani jikoni anachambua mchele. Akakusikia: "Anuwai ndiyo maisha yangu. Watu wa chuo wanataka niiache anuwai. Siwezi." Mkono wake ukaganda kwenye ungo. Anuwai! Mke wako amebeba mimba mbili zako, anakupigia pasi mashati, halafu maisha yako ni Anuwai? Alikaa nalo rohoni siku kadhaa, maana yeye anaweza kungoja jiwe liive. Kisha akamdokeza mkeo. Mkeo ni muuguzi, si mtu wa kushtuka ovyo. Aliweka pasi chini, akasema, "Kumbe na wewe umelisikia hilo jina, Mama."

Mdogo wako, seremala, alijaribu kukutetea. "Anuwai si mtu jamani. Ni neno la vitabuni, maana yake aina kwa aina. Na kasema 'niiache'. Angekuwa mtu angesema 'nimwache'."

"Mwanamume mwenye siri," mama yako akamjibu, "hata ngeli huzipinda."

Pili, zile penseli. Kila mkeo alipotaka kufua koti la kijivu, mifukoni mlitoka penseli fupi, zimetafunwa upande wa nyuma kama zimepita kwenye mdomo wa panya. Si zako. Wewe hukuwahi kutafuna kitu, hata mfupa uliuacha.

"Za nani hizi?"

"Nimeazima."

"Profesa mzima unaazima penseli?"

"Huwa nasahau kubeba."

Na kwenye droo yako kulikuwa na boksi la penseli mpya, halijafunguliwa! Mkeo alizitazama zile alama karibu na taa, kama anavyotazama kidonda. Meno yalikuwa madogo. Meno ya mtoto, na watoto wa nyumba hii walikwisha kuota ndevu na kusuka nywele zao wenyewe. Hakuuliza tena. Alizitia kwenye kopo la biskuti, moja baada ya nyingine, miaka na miaka. Nawe kila ulipoulizwa ulitabasamu, ukarudia lile neno moja. Tabasamu lako tulilipenda, baba, lakini siku hizo lilituuma.

Kisha ukaondoka, na pale makaburini akatokea mwanamke asiyejulikana. Alisimama nyuma kabisa. Jeneza lilipoteremshwa alilia kwa sauti, "Baba yangu! Baba yangu!" Vichwa vyote viligeuka kumtazama yeye, kisha vikageuka kumtazama mkeo. Mkeo hakugeuka. Alikaza macho kwenye udongo.

"Lisemwalo lipo," shangazi mmoja alinong'ona, na kunong'ona kwake husikika barabarani.

Basi tangu siku hiyo picha yako kubwa iligeuzwa uso ukutani. Mkeo alisema wazi: "Mama, mwaka ukifika mtaandika kumbukumbu gazetini. Jina langu msitie mpaka nijue yule ni nani. Sitaki kuitwa mke wa mtu nisiyemjua." Mama yako hakumlaumu. Alimuogopea tu. Mjane anayemtilia shaka marehemu hana wa kugombana naye, anagombana na mto wake wa kulalia.

Mwaka ulipokaribia, yule mwanamke alikuja mwenyewe. Alibisha hodi mchana, ameshika mkoba wa kitambaa, na nywele amezifunga fundo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja kwa nani?"

"Nimekuja kuwapa pole. Kwa Baba."

Mama yako akamkaribisha kiti, akammiminia chai, akaisogeza sukari. Mkeo alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Baba yako kwa mama gani?" akauliza. "Sema tu, dada. Mwaka mzima nalala na jina lako masikioni."

"Jina langu mnalijua?"

"Si wewe Anuwai?"

Mgeni akatutazama mmoja mmoja. Seremala alikuwa amejifunika uso kwa kofia. Mgeni akaziba mdomo, mabega yakaanza kutikisika, tukadhani analia. Alikuwa anacheka. "Mama, Anuwai ni somo! Alitufundisha chuoni. Nimelifanyia mtihani."

"Na 'Baba'?" Mkeo hakucheka. "Nalo ni somo?"

Hapo mgeni akaweka kikombe chini. Alisema kwao walizungumza lugha nyingine, na alipoanza shule alikaa kando ya dirisha, hasemi. Mwalimu akadhani ni bubu, naye akaona heri iwe hivyo. Siku moja mtu mrefu akaja kujikunja dawatini kwake, akajipapasa mifuko yote. "Lo! Nimesahau penseli." Mtoto akampa yake. Kesho yake mtu kasahau tena. Na kesho yake.

"Nikachoka," alisema. "Nikasema kwa sauti, 'Na leo umesahau tena, baba?' Darasa zima likageuka. Mwalimu aliangusha chaki. Ndiyo maneno yangu ya kwanza shuleni. Sikujua jina lake, basi nikabaki na hilo."

"Na penseli, alikurudishia?"

"Hata moja! Alisema, 'Nakaa nayo. Uje uidai, tupate la kuzungumza.'"

Mkeo akaingia chumbani, akarudi na lile kopo. Mama yako akalifunika kwa kiganja. Hadanganywi kwa hadithi tamu. "Asiguse kwanza. Aseme yake ikoje."

"Ni ya njano. Nimeikwaruza dirisha dogo kwa ukucha. Na nimeitafuna upande mmoja tu, kwa sababu upande wa pili nilikuwa na pengo."

Seremala akavaa miwani, akachambua. Akaitoa ya njano. Dirisha lilikuwapo.

"Iume hapa," mama yako akasema.

"Mama, meno yameshakua!"

"Iume hivyohivyo."

Akaiuma. Haikulingana hata kidogo, na kwa mara ya kwanza mwaka mzima watu walicheka ndani ya nyumba hii.

Mkeo akaketi. Alizigeuza penseli moja moja mapajani mwake, muda mrefu. "Wote hawa," akasema. "Wote hawa aliwatafutia njia ya kusema naye. Mimi nilimuuliza kwa mdomo wangu, akanijibu neno moja."

Hakuna aliyekujibia, baba. Hilo ni lako, na siku tutakapoonana utalieleza. Lakini jioni ile alikwenda ukutani mwenyewe, akaigeuza picha yako.

Mgeni alipoaga, alisema kesho ana darasa, naye ni mwalimu sasa, na yuko mtoto mmoja dirishani hasemi. Mkeo akamsindikiza hadi mlangoni. Penseli ilikuwa imechomekwa kwenye lile fundo la nywele. Akaichomoa.

"Mama, penseli yangu!"

"Iache hapa. Darasani nenda mikono mitupu." Akaitia kwenye kopo. "Na uje uidai. Tupate la kuzungumza."

Wanaokukumbuka ni mama yako aliyekuzaa, mke wako muuguzi, ambaye jina lake ametutuma tulitie la kwanza na tumesahau, mdogo wako seremala, wanao wawili, na mgeni wetu Anuwai, ambaye sasa ni wa nyumba hii, ngeli ipende isipende.

Kopo bado limejaa. Kama na wewe unayesoma uliwahi kumwazima Kiti cha Nyuma penseli akiwa amejikunja dawatini kwako, njoo uitambue. Chai ipo. Ila uje na meno yako, maana bibi wa nyumba hii atayakagua.

Lala, baba. Kukukumbuka tutakukumbuka daima. Kukuamini, ndiyo kwanza tunaanza.