Nimekunywa Rubisi ya Posa, na Binti Yangu Ameitwa Ubelgiji

Mshauri wetu mpendwa, pokea salamu za Rubafu, na kabla sijakuomba msaada naomba uniache kwanza nijisifu kidogo, maana bila hizo sifa hutaelewa kosa langu limeingilia wapi. Mimi ni mjane, nalima migomba na kahawa, shule niliishia darasa la saba, lakini nimezaa mtu. Sisi Wahaya tunasemwa kwamba tunajisikia, na mimi sibishi, ila wengine wanajisikia bure na mimi sababu ninayo.

Sababu yenyewe inaitwa Kokushubila. Ana miaka ishirini na saba, ni afisa ugani huko Muleba, anapanda pikipiki na buti zake anafika mpaka vijiji ambavyo diwani hufika wakati wa kura tu, na wazee wa umri wa marehemu baba yake wanamvulia kofia wanamuuliza, "Binti, huu mgomba niung'oe au niuache?" Alikuwa na miaka kumi na mitatu ugonjwa wa mnyauko ulipoingia kwetu tukang'oa kibanja kizima, migomba iliyopandwa na babu wa mume wangu, tukaichimbia shimo kama watu, na mume wangu Anatory akakaa mlangoni siku tatu. Mtoto huyu akamwuliza, "Baba, ni nini kimeiua?" Baba yake akasema, "Mwanangu, hata waliosoma hawajui vizuri." Basi tangu siku hiyo akashika hapohapo, mpaka leo hajaachia.

Mwaka jana akaomba ufadhili wa kusoma nje, Ubelgiji, ule wa wanawake tu, wanaotoka nchi mbalimbali wanaokwenda kuchukua shahada ya uzamili. Waliomba zaidi ya elfu mbili, Mshauri, wanawake wa dunia nzima, na waliotakiwa ni kumi na wanne. Siku ya kuhojiwa alikuwa amekuja nyumbani, na kwetu mtandao unashika sehemu moja tu, pale kwenye kaburi la baba yake katikati ya kibanja, ukisogea hatua mbili unapotea. Akasimama hapo saa nane mchana, simu ameiegemeza juu ya msalaba, na ndani ya simu kuna wanawake watatu, mmoja mzungu mwenye mvi, mmoja kama Mhindi, mmoja mweusi kama mimi. Mimi nilijificha nyuma ya mti wa kahawa, mahali ninapoiona ile simu, nimeziba mdomo kwa kanga ili hata pumzi isisikike. Akaongea Kiingereza kama maji. Mara akachukua panga, akakata shina la mgomba mmoja wa hapo pembeni ya kaburi uliokuwa umeanza kuugua, akawasogezea simu waone ule usaha wa njano unavyotoka, halafu akaokota kijiti chenye panda akawaonyesha jinsi ya kuvunja lile ua la chini ya mkungu ili nyuki wasihamishe ugonjwa. Yule mwenye mvi akavua miwani. Sikuelewa neno hata moja, isipokuwa alipotaja "Rubafu", na nilipolisikia jina la kijiji chetu linaingia kwenye ile simu linakwenda Ulaya, nilikaa chini kwenye majani. Nilimzaa mimi huyu. Nilimnyoa nywele mimi. Sasa nikimwangalia naona kama naangalia kitu kikubwa ambacho nimepewa nikitunze tu.

Majibu yakaja: amechukuliwa. Ada, tiketi, chumba, hela ya kula, mpaka hela ya koti la baridi. Waitu, nilitangaza! Nilitangaza jumuiyani, nikatangaza gulioni, nikamtangazia fundi baiskeli, hadi jirani yangu Vestina, ambaye mwanawe kapata kazi Mwanza akatusumbua nayo mwaka mzima, akaniambia, "Mama Koku, hebu tuambie tena, maana leo bado hujatuambia." Nikamwambia tena.

Watu wakaanza kuja kutupongeza, huyu na mkungu, huyu na kuku, huyu na dumu la rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Na Jumapili moja baada ya misa wakaja wageni kutoka Muleba, wanaume wanne, wakiongozwa na Mzee Kaijage, baba mkubwa wa kijana anayeitwa Datius. Datius ni mwalimu wa hesabu hukohuko, Koku aliwahi kunitajia kwamba wanazungumza, hakusema zaidi. Nikafurahi, nikajua sifa za binti yangu zimefika hadi Muleba. Walikuja na rubisi, Mshauri, lakini haikuwa kwenye dumu. Ilikuwa kwenye kibuyu, mdomo umefunikwa jani la mgomba, umefungwa kwa kamba. Na katika ukoo wetu rubisi iliyokuja hivyo ni ya kuombea mtoto, haiguswi, inawekwa pembeni mpaka aje shangazi yake aifungue, na akishaifungua ikanyweka, ndiyo neno limepokelewa. Shangazi ni Edvina, dada wa marehemu, yuko Kagondo.

Mimi nilikata ile kamba kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaita majirani, nikasema njooni mnywe, watu wa Muleba wamekuja kumpongeza mwanangu! Tukawapa wageni kahawa ya kutafuna, tukanywa, nikasimulia ile habari ya simu na msalaba mara mbili, kibuyu kikaisha. Hapo ndipo Mzee Kaijage akasimama akakigeuza chini juu.

"Mama Koku," akasema, "sisi tulileta ombi letu na wewe umelipokea mbele ya watu. Tunakushukuru. Sasa tunaomba tarehe."

Nikasema, "Waitu, mtoto anakwenda kusoma Septemba."

"Kusoma hakukimbii. Aolewe Desemba, Ulaya itamsubiri."

Vestina akapiga vigelegele, nafikiri makusudi. Na mimi, ambaye sijawahi kukosa la kusema, nikasema, "Tutaona." Wao wakaondoka wanacheka, kibuyu wameniachia, wanasema mama amekubali.

Sasa Koku hajui lolote. Alinipigia juzi. "Mama, nimebakiza kubonyeza tu kwamba nakubali nafasi, mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo. Nibonyeze?"

"Subiri kwanza, mwanangu."

"Nisubiri nini?"

"Subiri tu."

Akasema kwa sauti ndogo, sauti ile ya alipokuwa mtoto, "Mama, kama unaogopa kubaki peke yako na kibanja, niambie. Mimi nafasi naiacha. Ila usipotamka mwenyewe 'nenda', mimi sibonyezi." Nikamwambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika, nilikuwa nimesimama palepale kaburini.

Naomba ushauri. Nimwambie aahirishe mwaka mmoja aolewe kwanza, ili neno langu mbele ya watu lisianguke? Au nifanyeje, maana nikiwaendea wale wazee kusema nilikosea, mimi niliyejisifu hivi, Rubafu nitapita wapi? Jina langu lifiche, lakini la binti yangu litangaze.

Mama mwenye fahari na aibu, Rubafu

MSHAURI ANAJIBU

Mama yangu, shikamoo. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu ya hiyo Ijumaa. Majina yote nimeyabadili, hata la binti, najua litakuuma, vumilia.

Nianze na pongezi, kwa sababu unazistahili na kwa sababu baada ya hapa nitakugombeza. Mtoto aliyeulizia ugonjwa wa migomba akiwa na miaka kumi na mitatu, akaufuata mpaka akachaguliwa kati ya elfu mbili, mimi mwenyewe nimeisoma hiyo sehemu nikaweka karatasi chini nikatembea chumbani. Jisifu. Usiache.

Sasa sikiliza. Unasema ulidhani ni pongezi. Halafu unanieleza kibuyu kilivyofunikwa, jani gani, kamba gani, na kwamba kwa desturi yenu anayefungua ni shangazi. Mtu asiyejua hawezi kueleza vizuri hivyo. Uliiona ile kamba, mama, na ulijua. Nadhani ulikuwa unataka vyote viwili siku hiyohiyo, msomi wa Ulaya na bibi harusi wa Desemba, na labda kuna kipande cha moyo wako kinachotamani binti asiende mbali. Hiyo si dhambi. Dhambi ni kumwacha mtoto afikiri ni huruma yake kwako inayomzuia, kumbe kinachomzuia ni kibuyu.

Habari ya kuahirisha, itoe kichwani. Waliomwita wametaja Ijumaa, hawakutaja mwakani. Ndugu zangu wasomaji mnaosomesha mabinti, mlishike hili: nafasi ya aina hii ina orodha ya wanaosubiri nyuma, na usipojibu kwa wakati wanamwita mwingine bila kukuuliza ulikuwa na harusi gani. Kama kuna swali la kuahirisha, anayeliuliza ni mwenye nafasi, kwa maandishi yake mwenyewe, kabla ya tarehe kupita. Haliulizwi na baba mkubwa wa mtu.

Na huyo mchumba? Nimeisoma barua yako mara tatu. Mzee Kaijage amesema, Vestina amepiga vigelegele, wewe umesema "tutaona", kibuyu kimegeuzwa. Datius hajasema neno. Koku hajasema neno. Ndoa mnayoitafutia tarehe ni ya nani? Sheria ya nchi hii inataka waoane wawili waliokubali kwa hiari yao, na padri wako atamwuliza binti mbele ya altare, hatakiuliza kibuyu.

Utafanya hivi. Nenda Kagondo kesho asubuhi, kwa wifi yako Edvina, umwambie yote bila kupunguza. Atakukaripia, na ana haki, maana ulimnyang'anya kazi yake. Ukishakaripiwa, tengenezeni rubisi ya kujaa kibuyu kilekile, kifunikwe jani, kifungwe kamba, mkirudishe Muleba ninyi wawili. Edvina ndiye aseme, wewe unyamaze, najua ni adhabu kubwa kwako. Aseme hivi: "Aliyefungua hakuwa na ruhusa ya kufungua, kwa hiyo rubisi yenu hii hapa, imejaa kama mlivyoileta. Mlango hatujaufunga. Binti akirudi, vijana wakiwa bado wanapendana, mje tena na mtatukuta." Mzee anayejua desturi kiasi cha kugeuza kibuyu mbele ya watu atajua pia kwamba shangazi hakuwepo. Huenda alilijua hilo tangu mwanzo na akaona afadhali anyamaze. Akikasirika, akasirike. Rubafu utapita njia ileile uliyopita ukijisifu, na watakusema wiki mbili, mpaka mtu mwingine afanye la kwake.

Lakini hayo yote ni ya kesho. La leo ni dogo zaidi na wewe umelikimbia. Ukishamaliza kusoma hapa, vaa kandambili zako, ingia kibanjani, simama pale kwa baba yake ambapo mtandao hausumbui. Mpigie. Mwambie habari ya kibuyu kwanza, aicheke au ailie, usimkatize. Mwambie kama unaogopa upweke, maana anastahili kuondoka akijua ukweli. Halafu usimsimulie ya Vestina, wala ya koti la baridi. Mtoto amekuomba neno moja tu, na amelisubiri kwako kuliko alivyosubiri barua ya Ubelgiji.

Mwambie: "Nenda." Kisha usikate simu, kaa kimya, usikilize mpaka akuambie amebonyeza.