Maneno Ambayo Gazeti Halikuyasema

Kerende, Mara Kaskazini
28 Desemba 1957

Mpendwa mshauri Bi Agustina,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na tafadhali jina langu usilichape, maana mimi ni mwanafunzi wa chuo cha ualimu, mwaka wa pili, na sisi wa chuo tumekatazwa siasa, na haya nitakayoyasema yamegusa siasa ingawa mwanzoni nia yangu haikuwa hiyo, nia yangu ilikuwa mpira.

Ilianza hivi. Gazeti lenu hufika kwetu na lori la Musoma, limechelewa siku tano au sita, na kwa kuwa ninapokuwa likizo ni mimi peke yangu ninayeweza kulisoma na kuligeuza Kikurya bila kukwama, siku ya mnada watu hukusanyika kwenye baraza la duka, nami nasimama juu ya sanduku la soda na kusoma kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka matangazo ya baiskeli. Likizo ya Juni timu ya Musoma ilitoka sare na Mwanza, bao moja kwa moja, nikaona watu wamenuna, nikawaongezea bao la pili dakika ya mwisho, wakashangilia kweli, mzee mmoja akanipa mguu wa mbuzi. Tangu hapo nimekuwa nikiongeza kidogo hapa na kidogo pale, si uongo mkubwa, chumvi tu, na nilijitazama nikifanya hivyo kama mtu anayefanya jaribio la sayansi, hata nikaandika kwenye daftari langu kwamba watu wetu hawamwamini mtu, wanaamini karatasi.

Mapema mwezi huu mliandika kwamba mjumbe wa TANU amezungumza Musoma juu ya umoja. Mistari minne tu. Mimi mambo hayo nayapenda sana, chuoni tunabishana bwenini mpaka tunafukuzwa tukaoge, nikaona mistari minne haitoshi, nikasoma kwamba mjumbe huyo atafika kwenye kivuko cha Mto Mara Jumamosi ya tarehe 25 Januari, na kwamba gazeti linawaomba watu wa Kerende na wa Nyansurura wakutane hapo wamalize ugomvi wao wa ng'ombe. Ugomvi wenyewe ni wa miaka: wao wa ng'ambo ya mto wanachukua wetu, sisi tunachukua wao, na mwaka juzi kijana wa Nyansurura aliyekuwa akifuata nyayo za ng'ombe wake alikufa kwa mshale wa upande wetu.

Nilitegemea watacheka. Hawakucheka. Mzee Mogesi, ambaye neno lake ndilo husikilizwa hapa, aliniambia nirudie, nikarudia, kisha akaeleza kwamba mapadri walijaribu, bwana shauri wa wilaya alijaribu, chifu naye alijaribu, na kila mmoja alishukiwa kuwa ana upande wake. "Karatasi haina ukoo," akasema. Siku ile ile akatuma watu ng'ambo, na Mzee Heche wa Nyansurura akajibu kwamba kama gazeti limewaita wote wawili kwa majina ya vijiji vyao, basi watakuja.

Sasa mambo yamefika mbali. Kila upande umetoa fahali, vijana wamefyeka njia mpaka mtoni, na wazee wamepatana kufanya kama walivyofanya babu zao, yaani mama anayenyonyesha wa upande huu abadilishane mtoto na mama wa upande ule mbele ya watu wote, kila mmoja amnyonyeshe mtoto wa mwenzake, kwa sababu waliokwisha kunyonya ziwa moja hawarushiani mishale. Kwetu amechaguliwa dada yangu Nyangi, ambaye mtoto wake Tomaso ana miezi minne. Kwao amechaguliwa Wegesa. Yule kijana aliyekufa kwa mshale alikuwa kaka yake.

Juzi Nyangi alinikuta nikitengeneza baiskeli, ameshika lile gazeti, mtoto yuko mgongoni. Akaniambia, "Ni wapi hapo waliposema? Nionyeshe." Hajui kusoma. Nikaweka kidole mahali fulani, naye akaweka chake karibu na changu, akapatazama sana, akaomba nimkatie kile kipande, nikakikata. Amekifunga kwenye pindo la nguo yake, anasema siku atakapomweka mwanawe mikononi mwa Wegesa atakuwa amekishika. Ni tangazo la sabuni.

Kwa hiyo naomba maoni ya mtu aliye mbali na jambo hili. Nimelipima pande zote. Nikisema kweli, amani itavunjika hata kabla haijapatikana, na ninyi gazeti hamtaaminiwa tena. Nikinyamaza, siku itafika, mgeni hatatokea, na watu mia tatu watatazamana ng'ambo na ng'ambo, kila upande ukidhani umetegwa na mwenzake. Chuo kinafunguliwa tarehe 20, hivyo mimi nitakuwa nimekwisha ondoka. Je, niondoke kimya, nikiamini kwamba uongo ulioleta jambo jema si uongo tena? Au unaweza kumwomba mhariri atafute mjumbe, hata awe nani, aje?

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Ualimu

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeipitisha mbele ya barua tisa za watu waliogombana na wakwe zao, na wenyewe wanisamehe, wakwe watakuwepo hata mwezi ujao.

Umeandika kwa utulivu wa mtu anayepima mvua kwenye chupa. Jaribio la sayansi. Daftari. Umelipima pande zote. Hebu pima na hili: mtoto anayepelekwa kivukoni ni mpwa wako, na wewe ndiye mjomba uliyemkatia mama yake tangazo la sabuni. Nilipofika hapo niliweka barua chini, nikaenda kunywa maji. Nilikukasirikia.

Sisemi wewe ni mtu mbaya. Ulitaka watu wafurahi, kisha ukataka waache kuuana, na wapo wakubwa wenye vyeo ambao hawajataka hata hayo mawili. Lakini ulisema kwa mdomo wetu bila kutuomba, na ukawachagulia watu wazima jambo ambalo lilikuwa lao kuchagua.

Mjumbe sitakutafutia. Na hilo la kuondoka kimya usilitaje tena mbele yangu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Tena umekosea mahali pengine, na hapo hata hukupaona. Unadhani amani hii ni kazi yako. Fahali alitoka zizini mwa nani? Njia aliifyeka nani? Wegesa amekubali kumnyonyesha mtoto wa watu waliomuua kaka yake. Unafikiri amekubali kwa ajili ya mgeni kutoka Musoma? Watu hao wamechoka, walikuwa wamechoka kabla wewe hujapanda juu ya sanduku, walichokosa ni mtu wa kuanza. Huenda wakisikia kweli wataghairi. Huenda wasighairi. Sijui, na wewe hujui. Ila mama anayemtoa mwanawe ana haki ya kujua amefunga nini kwenye pindo lake.

Gazeti hili litakukuta Kerende hujaondoka. Ukilipata, anza na Nyangi, peke yenu. Mwombe afungue pindo, umsomee kile kipande neno kwa neno, sabuni na bei yake. Akikutukana, nyamaza. Akilia, usimweleze sayansi. Kisha nenda nyumbani kwa Mzee Mogesi, umwambie wewe mwenyewe kabla hajaambiwa na mwingine, na umwombe habari ivuke mto ifike kwa Mzee Heche kabla ya mnada, maana wa ng'ambo wakichelewa kujua watasema mlikuwa mmewatega. Mzee Mogesi akikutoza mbuzi, toa mbuzi. Mguu mmoja ulikwisha kula.

Siku ya mnada panda juu ya sanduku lako usome barua yako yote na jibu langu lote, kwa Kikurya, usiruke wala usiongeze. Na lile bao la dakika ya mwisho uliondoe. Ilikuwa sare.

Jina lako sikulichapa, kama ulivyoomba. Utalitaja mwenyewe.

Mhariri alikuwa hataki hata kusikia habari hii, kisha akanipa nafasi ndogo hapa chini, na maneno yake ni haya:

Kwa wazee na akina mama wa Kerende na wa Nyansurura. Hakuna mjumbe atakayekuja kivukoni tarehe 25 Januari, wala gazeti hili halikuwahi kuwaita. Ni kweli sisi hatuna ukoo, lakini pia hatuna ng'ombe aliyechukuliwa wala ndugu aliyekufa. Ninyi mnao. Kama bado mnataka kukutana siku hiyo, kutaneni wenyewe.

Hayo sasa yamechapwa. Nyangi akikuuliza tena ni wapi waliposema, weka kidole hapa.