Mdomo wa Bosi

3 Machi

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanagombana nami asubuhi. Wewe je? Huko hotelini, kufua mashuka ya watu hakujakuchubua mikono?

Habari kubwa ni hii: jana baba yako alikaa kimya saa nzima.

Usicheke. Sawa, haikuwa saa. Mwalimu wa usemi alikuwa anahesabu kwa vidole, na alipofika cha sita nikamuuliza viatu vyake amenunua wapi, mbona kisigino kinalia. Akanitazama kama nimetapika mezani.

Lakini kunyamaza ndiyo kazi aliyonipa. Anasema Bosi wetu, huyu mwanao, ana usonji, si kiburi wala hajarogwa, na kwamba porojo zangu zinamjaza masikio mpaka hana nafasi ya kuomba chake. Basi ametupa kadi za picha: maji, ndizi, mpira, choo. Mwanao akitaka maji, achukue kadi ya maji aniwekee kiganjani, nami nimpe papo hapo. Miaka mitano hii hajawahi kuniomba kitu, ananikokota tu kwa mkono kama mkokoteni. Kadi nimezishonea vifuko vya ngozi laini, ile ninayowawekea wakurugenzi. Ziko safi, hazina hata alama ya kidole.

Mwalimu anaomba picha ya uso wako, nayo iwe kadi. Simu usipige. Kwenye simu unanikatiza.

Ni mimi baba yako, fundi viatu.


12 Machi

Baba shikamoo,

Natumaini magoti yametulia. Mimi sijambo, mikono ndiyo hivyo. Picha nitakuletea, naahidi, ila niliyonayo ni ya kitambulisho na nimetoka kama nimekamatwa.

Baba, kwa hili tusitaniane. Shangazi amepata nafasi kwenye shule ya bweni ya watoto kama Bosi. Ni mbali, na mzazi anaruhusiwa kumwona mara mbili kwa mwaka. Sitaki. Lakini pia sitaki mwanangu akue bila kujua kuomba hata maji, na wewe uko peke yako na nyundo na wateja. Wanatushikia nafasi mpaka mwisho wa Aprili. Mwalimu anaandika ripoti tarehe 26 Aprili. Kama Bosi ataomba kitu mwenyewe, hata kimoja, bila kusukumwa, anabaki kwako. La sivyo, nakuja kumchukua.

Niandikie anachofanya, si unachotamani afanye.

Mwanao.


2 Aprili

Baba shikamoo,

Hii ni ya pili nakuandikia bila jibu. Dereva wa lori anayetubebea barua anasema amepita mara mbili, kibanda kimefungwa. Simu yako nayo haipatikani. Kibanda ambacho hukukifunga hata ulipokuwa na homa! Kuna nini? Kama mwanangu ameumia, niambie hata kwa mstari mmoja.

Mwanao.


6 Aprili

Binti yangu,

Ni mzima. Nimeanza na hilo ili uvute pumzi. Sasa kaa chini.

Tarehe 24 Machi nilikuwa namsimulia mteja, yule muuza magodoro, jinsi nilivyomshonea kiatu mtu mwenye vidole sita. Bosi akaja akavuta mfuko wa aproni yangu. Nikautoa mkono wake. Akavuta tena. Nikamwambia, "Subiri Bosi, babu anamalizia." Nilipomaliza, mteja akacheka, na Bosi hayupo.

Dakika arobaini. Nimekimbia kwa magoti haya haya. Nimemwita barabara nzima kama mjinga, mtoto asiyeitika. Muuza magodoro ndiye aliyemkuta nyuma ya gereji, kwenye bomba lililokauka, analipiga kwa kiatu chake, midomo imepasuka kwa kiu.

Kadi ya maji ilikuwa kwenye mfuko wa aproni. Zote zilikuwa humo. Niliziweka zisichafuke, kama ninavyofungia ngozi nzuri kabatini. Mwalimu hakunigombeza. Alisema tu, "Babu, mdomo wake umeuweka mfukoni mwako." Nikafunga kibanda siku tisa. Simu niliizima, hata kalamu ilinishinda.

Sasa nimemshonea mkanda, kadi zinaning'inia kiunoni mwake. Zimeshachafuka vizuri. Kifuko cha picha yako kilikuwa kitupu, nikakitia bahasha ya barua yako. Inanukia sabuni yenu. Kutwa anainusa.

Baba yako.


11 Aprili

Baba,

Nimesoma barua yako nimesimama chumba cha pasi mpaka nimeunguza shuka. Shikamoo nitakupa nikipoa.

Dakika arobaini! Na siku kumi na tatu za kunificha! Nimemwambia Shangazi nafasi ile wasimpe mtu. Nakuja tarehe 30. Mfungie nguo zake. Mambo ya picha sitaki hata kuyasikia.

Mwanao.


27 Aprili

Binti yangu,

Salamu, hata kama hunisalimii. Nguo nimezifunga, sanduku liko mlangoni. Ripoti nimeiambatisha, ila mwalimu ana mwandiko wa daktari, kwa hiyo nakusimulia. Hili sikulitamani tu, lilitokea, na yeye ni shahidi.

Jana alikuja kibandani. Akaweka chupa ya maji, ndizi na mpira juu ya rafu, vinaonekana lakini havifikiki. Akasema, "Babu, leo hata kukohoa usikohoe." Najijua. Nikachukua misumari sita nikaibana kwa midomo, kama ninapogonga soli. Hakuna apigaye soga na misumari mdomoni.

Bosi akazunguka. Akatazama chupa. Akanivuta mkono, sikuinuka. Akapiga kelele, akajigonga kichwa kwenye benchi. Nikamwekea mto wa kushonea kati ya kichwa na mbao, basi. Msumari ulinichoma ulimi nikameza damu, lakini sikusema neno. Mwalimu anaandika tu. Na lile sanduku pale mlangoni linanikodolea macho.

Mara akatulia. Akashika mkanda wake. Akaipita kadi ya maji. Akaipita ndizi, akaupita mpira. Akachomoa bahasha yako, akainusa, akaja akaiweka kiganjani mwangu. Akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja juu yake. Kisha akanitazama. Usoni, si viatuni.

Misumari yote ikaanguka.

Mwalimu akaandika: Ameomba mwenyewe. Ameomba mama. Halafu akaitazama rafu, akanitazama mimi, maana kanuni ni hiyo: akikupa kadi, mpe papo hapo. Nami nilikuwa na nini cha kumpa? Nikamshika mkono tukatoka barabarani, tukasimama tukitazama kule malori yanakotokea, mpaka akachoka.

"Hata kimoja," wewe ndiye uliyeandika. Uamuzi ni wako. Sanduku nimelifungua, nguo sijazitoa.

Ila kuna kitu kidogo uliniahidi tangu Machi, na mimi sisahau. Ile picha. Hata hiyo ya kukamatwa itafaa, kifuko kinaisubiri na bahasha imeanza kuishiwa harufu. Usimpe dereva. Ilete mwenyewe.

Baba yako, fundi viatu.