Barua ya Mihuri Miwili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Bi Zaina amenituma kwako. Nilimwambia marehemu hapelekewi barua, akanijibu, "Wewe si mwalimu? Andika." Unamjua alivyo, akikutuma huna pa kujificha. Basi naandika, nimekaa kibarazani kwetu Lukozi, na ujumbe wake nitaufikisha mwisho. Kwanza tukumbushane tulikotoka.

Unaukumbuka mwaka ule wa shamba la ujamaa la maharage? Mimi nilikuwa mwalimu mpya, asubuhi nafundisha watoto, alasiri nafundisha kisomo cha watu wazima. Wewe ulikuwa muuguzi wa zahanati, na kijiji hakikuwa na mwingine. Mwenyekiti aliweka kanuni moja: asiyefika kazini kwa sababu ya ugonjwa, kesho yake aende kwa Sista, yaani wewe, akapimwe. Ukimwandikia mgonjwa, maneno yamekwisha. Ukimwandikia mzima, basi ni kupe, mnyonya jasho la wenzake.

Bi Zaina, jirani yetu, kwenye kulima na kupanda hakuwa na mpinzani. Lakini ikifika siku ya kupura maharage, haonekani. Anasema kifua kimebana. Kesho yake anavuka kijito, anapanda mlima mpaka zahanati, unamwekea kipimo kifuani, unasikia kifua kimetulia kabisa. Ukaandika: mzima. Mara ya pili: mzima. Mara ya tatu hukumwambia hata akae.

Nami sikuwa bora kuliko wewe. Siku tuliyojifunza kuandika neno "kupe" darasani kwenye kisomo, macho yote yalimgeukia Bi Zaina, wakaanza kucheka. Mimi mwalimu sikuwakemea. Nilitabasamu, Mama. Sijawahi kukuambia hilo.

Mwenyekiti akampa adhabu: apure siku nzima, katikati ya uwanja. Watu wakayapiga maganda makavu kwa fimbo mpaka vumbi likasimama hewani. Bi Zaina akaanza kukohoa. Kisha akaacha kukohoa, na hapo ndipo niliposhtuka. Alikuwa ameinama ameshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, midomo imebadilika rangi. Mtu mmoja akasema, "Anaigiza huyo." Nilikimbia kukuita.

Ulikuja mbio, kiatu kimoja umekiacha njiani. Ukamchoma dawa ya kufungua kifua, ukamkumbatia kwa nyuma pale pale chini, ukimsemesha Kishambaa taratibu kama unavyombembeleza mtoto. Tulisimama tukiwaangalia, fimbo mikononi. Hewa ilipoanza kumwingia, ukamuuliza, "Zaina, siku kinapobana, unakuwa wapi? Unafanya nini?" Akalinyooshea kidole lile rundo la maganda.

Ukainuka. Bado nakuona, gauni jeupe limejaa vumbi. Ukasema, "Jamani, huyu hajawahi kuwa mvivu. Mimi nilimpima mahali pasipo na vumbi, nikaandika mzima. Nimekosea. Nusura nimuue." Mwenyekiti akavua kofia yake. Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Wewe ulijivua mwenyewe, kisha ukasimama wima. Nilikuogopa siku ile, Mama, na sikuwa na neno jingine la kuita nilichokihisi. Leo najua ulikuwa mshangao, na haujaniisha.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe ulikuwa unaanza.

Ulinichukua mimi na Bi Zaina tukashuka nawe Lushoto siku ya mikutano. Chama cha madaktari kilikutana ukumbini, chama chenu cha wauguzi kikakutana darasa la jirani, na kilichoviunganisha vyama hivyo viwili ni birika la chai lililotoka kwenu kwenda kwao. Siku hiyo ulilibeba wewe, nasi tukakufuata. Ukaliweka mezani, ukavuta kiti, ukakaa. Daktari aliyeongoza kikao akasema, "Asante kwa chai, Sista." Ukamjibu, "Chai ni ya wote, Daktari. Na shida niliyokuja nayo ni yetu sote."

Ukaeleza kosa lako bila kulipunguza. Nilitazamia wakucheke. Badala yake daktari mmoja mzee akavua miwani, akasimulia habari za mfanyakazi wa kiwanda cha chai kule Kwamkoro aliyefukuzwa kazi kwa uvivu, kumbe ni vumbi la majani. Mwingine akakumbuka mtoto aliyevimba uso kwa kuumwa na nyuki mmoja tu. Wauguzi wakaitwa, viti vikasogezwa, nao wakaeleza ya kwao. Kila mmoja alikuwa na Zaina wake.

"Lakini mtaalamu wa aleji hatuna," alisema yule mwongoza kikao. "Mimi mwenyewe nimeisoma vitabuni tu."

"Ndiyo maana tumwombe," ukasema. "Aliyenacho haombi."

Ikaandikwa barua moja kwenda wizarani, yenye mihuri miwili, wa madaktari na wa wauguzi, kuomba mtu asomeshwe ugonjwa huu wa aleji, ambao siku hizi tunauita mzio. Ukang'ang'ania Bi Zaina naye atie sahihi kwa kuwa barua inamhusu. Wakamletea wino wa dole gumba. Akausukuma pembeni, akashika kalamu, akaandika jina lake, herufi moja moja, zile zile nilizomfundisha katika darasa lililomcheka. Nilitoka nje nikalia.

Jibu lilikuja baada ya miezi mingi: kwa sasa hakuna mtaalamu wa fani hiyo. Nilikasirika. Wewe ulicheka, ukaikunja karatasi. "Wameandika 'kwa sasa'. Basi mgeni wetu yuko njiani." Kila mwaka vyama vile viwili vilikaa pamoja, na kila mwaka ukahakikisha barua imekwenda. Ukastaafu. Ukatutoka. Mgeni hakuja. Nisamehe, Mama, nilifika mahali nikaona mlikuwa mnatwanga maji kwenye kinu.

Juzi nilimpeleka Bi Zaina kliniki mjini. Tulisikia vyama vya madaktari na wauguzi vimemleta mtaalamu wa mzio kwa wiki nzima. Tulimkuta binti mdogo, angeweza kuwa mjukuu wako. Akatuamkia shikamoo, akamketisha Bi Zaina, na kipimo akakiacha kwanza shingoni. Akauliza, "Bibi, siku kinapobana, unakuwa wapi? Unafanya nini?"

Swali lako lile lile, Mama. Bi Zaina alimtazama yule binti mpaka binti akadhani hasikii vizuri, akarudia swali kwa sauti kubwa. Ndipo Bi Zaina akanigeukia. "Umesikia, mwalimu? Mama yako aliniuliza nikiwa nimeshaanguka. Huyu kaniuliza nikiwa nimekaa kitini."

Akajibu yote, bila haraka. Tulipotoka akanishika mkono, akanipa ujumbe wako, na akanitaka niurudie mara mbili nisije nikaukosea. Ni huu:

Mgeni wako amefika.

Pumzika sasa, Mama.

Mimi mwanao,
mwalimu aliyetabasamu darasani.