Dua ya Mwaka wa Tatu

Alhamisi

Itangazwe kwa watu wote wa nyumba hii kwamba leo nimepiga pasi shati mara mbili.

Nilikwenda chuo kipya, mtaa wa Mutanga Sud, kuchukua jibu kama kozi nilizosoma Uvira, ng'ambo ya mpaka, miaka miwili, zitahesabiwa. Katibu, mama mmoja mpole, alinisogezea kiti. Ukisogezewa kiti ofisini, ujue habari si nzuri.

"Mutoto yangu, izi kozi za Uvira, masaa yake hayatoshi. Wamekubali Kifaransa tu. Utaanza mwaka ya kwanza."

Nikasema merci, kama mtu aliyepewa zawadi.

Nyumbani, mtaani kwetu Buyenzi, nikakuta mama ameshapika pilau na kuita majirani kwa dua ya shukrani. Kwake, kuitwa chuoni ni kukubaliwa. Hakuniuliza kitu.

"Huyu sasa iko mwaka ya tatu," akawaambia.

Mzee Saidi, fundi wa jirani, akanishika mkono. "Patron, bosi wetu, usitusahau."

Dua ikasomwa. Nikaitikia amina, tena kwa sauti. Halafu nikala sahani mbili.

Aibu hii sijui niiweke wapi. Kesho nitamwambia mama, baada ya swala ya Ijumaa. Au Jumapili, akiwa...

Zaina, mdogo wangu, anaanza chuo hicho hicho Jumatatu. Tuko darasa moja.